Maji, Hodi

Edmond aliingia karakana ya Melchior akiwa na kopo dogo la nyanya lililojaa mchanga. Alilitua juu ya meza ya kazi, akapangusa mikono kwenye suruali, akakaa juu ya debe bila kukaribishwa. Nje, Butembo ilikuwa na shughuli zake za kila asubuhi, pikipiki zikipigiana honi ndani ya ukungu, wapagazi wakishusha mizigo mbele ya maduka ya jumla. Edmond alikuwa njiani kutoka Oicha tangu jana, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, au kwa jambo jingine.

“Inatoka mu pompe,” alisema. “Kila ndoo. Donc ile filtre yako iliaribika, papa Melchior.”

Melchior alicheka. Alikuwa mtu mpole, lakini ukitaka kumuona akivimba kichwa, mguse kwenye machujio yake. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unatoboa bomba la chuma matundu mengi, unalizungushia wavu wa shaba uliosukwa kwa nyuzi nyembamba, unalehemu mshono, kisha bomba linashushwa mpaka chini ya kisima. Maji yanapita, mchanga unabaki nje. Chujio likiwa baya mchanga unaingia, unakula ngozi za pampu, pampu inakufa, na watu wanarudi kijitoni.

Alitafuta kipande cha wavu kilichobaki siku alipotengeneza chujio la Oicha, akamimina mchanga wa kopo juu yake, akatikisa. Hakuna punje iliyopita. Akasugua kwa kidole gumba. Akamwagia maji. Maji yalipita yote yakaloanisha viatu vyake, na mchanga ukabaki wote juu ya wavu, mweupe, safi, umeoshwa.

Edmond alikuwa anatazama. “Sasa ilipitia wapi?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Melchior aliuinua wavu kwenye mwanga, akautazama tena.

“Na haiko muchanga tu,” Edmond aliendelea. “Bamama banaikaa kando ya pompe, banaweka sikio mu tiyo ya pompe, banasikiliza. Banasahau kupika. Muzee Ananie anasema bibi yake iko mule ndani, anamuita. Ile bibi yake walimuua njiani, mu mwezi ya kwanza. Batoto banaamuka asubui na muchanga mu kinywa. Mais miye sisikie kitu. Miye sikupoteza mutu, labda njo sababu.”

Ilikuwa Machi ya mwaka 2003. Tangu Januari watu walikuwa wakitoka upande wa msitu, wamebeba magodoro na wagonjwa, wakikimbia wenye bunduki, na familia nyingi zilikuwa zimejibanza chini ya mahema ya plastiki kwenye uwanja wa kanisa ambako Edmond alikuwa msimamizi wa maji. Kabla ya kisima walikunywa maji ya kijito, na nyuma ya kanisa kulikuwa na safu ya makaburi mafupi. Baada ya kisima, makaburi yalikoma kuongezeka. Kisima hicho kikifungwa, wangerudi kijitoni, na kila mtu alijua watoto wangapi wangebaki hai kufikia Pasaka.

Lakini Melchior hakuwa akiwaza maji. Aliwaza neno moja alilolitamka kule Oicha, na ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe Anne-Marie.

Alikuwa na binti, Ornella. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akishinda karakanani, vidole vyake vyembamba vikipita pale ambapo vidole vya baba yake havikupita, na ni yeye aliyebuni namna ya kupima machujio. Alikuwa anaweka mdomo upande mmoja wa bomba, baba anaweka sikio upande wa pili.

“Muchanga, hodi?” Ornella aliuliza ndani ya bomba.

“Rudia kwenu,” baba alijibu.

“Maji, hodi?”

“Karibu.”

Kama sauti ilifika na mluzi, mshono ulikuwa na ufa. Kama ilifika laini, kazi ilikuwa nzuri. Ulikuwa mchezo, lakini miaka ile Melchior hakuwahi kuuza chujio lililokuwa halijabishiwa hodi. Alipotimiza miaka kumi na miwili Ornella alikwenda Mangina na shangazi yake Kavuo kununua kahawa. Lori walilopanda lilikutwa porini, milango wazi, magunia hayapo, watu hawapo. Hakukuwa na maiti, kwa hiyo hakukuwa na matanga. Miaka miwili Anne-Marie aliendelea kumwekea sahani mezani, ameifunika chini juu, na Melchior hakuwa na moyo wa kumwambia aitoe.

Na wiki tatu zilizopita, siku ya kushusha chujio la Oicha, mchana, mvua ikipiga mahema, alikuwa ameinama peke yake kwenye mdomo wa bomba aone kama limetua sawa. Kutoka chini kabisa, laini, bila mluzi, ikapanda sauti: “Maji, hodi?” Na mdomo wake ulijibu wenyewe kabla yeye hajafikiri: “Karibu.” Alijiambia ni majonzi yanamchezea. Alirudi nyumbani, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu lori lile, alilala mpaka asubuhi.

“Ngoja nichukue vyombo,” alimwambia Edmond.

Alitengeneza chujio jipya siku hiyo hiyo, lenye nyavu mbili zilizolaliana, mshono umelehemiwa mara mbili. Hakulipima. Hakukuwa na mtu wa kuweka mdomo upande wa pili.

Walifika Oicha kesho yake saa nne asubuhi, baada ya vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kilikuwa na askari wake na maswali yake. Uwanjani palikuwa kimya mno kwa mahali penye watoto wengi vile. Wanaume wanne walikuwa wakibeba kitu kilichofungwa kwa kitenge kwenda nyuma ya kanisa. Alikuwa mzee Ananie. Walimkuta alfajiri ameikumbatia pampu kwa mikono miwili, na walipomgeuza kinywa chake kilikuwa kimejaa mchanga hadi kwenye meno, mchanga mweupe, umeoshwa vizuri.

Kando ya pampu alikuwa amesimama mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa Mama Jokébed, mwombezi wa kanisa lile, aliyekuwa amefunga siku tatu bila kula, na hata wazee wa kanisa walimwogopa kidogo.

“Huyu njo papa wa filtre?” alimuuliza Edmond, kisha akamgeukia Melchior mwenyewe. “Papa, karibia. Unasikia arufu gani?”

Melchior alikaribia. Palikuwa na harufu ya utomvu wa kulehemia, ule unaofuka ukigusa chuma cha moto, harufu iliyokuwa ikikaa kwenye nywele za Ornella hata Jumapili. Hakukuwa na moto popote pale uwanjani.

“Pepo ya mu maji hapana ingia bure,” Mama Jokébed alisema polepole. “Lazima mutu amukaribishe. Miye niliuliza batu wote wa mu camp. Hakuna mwenye alimukaribisha. Alibakia weye tu.”

Melchior alimweleza yote, mchezo, bomba, neno. Alisema akitazama chini, machozi yakidondoka kwenye viatu. Mama Jokébed hakumkemea. Alimshika mkono.

“Ni mutoto wangu, mama?” aliuliza.

“Sijue, papa. Nikikuambia najua nitakuwa mwongo. Lakini mutoto wako angemuua muzee Ananie?” Akaonyesha pampu kwa kidole. “Weye ulimuingiza, weye utamutoa. Ukishusha ile mupya, atakuuliza tena. Utamuambia vile munazoeaka kuambia muchanga. Hapana muita jina. Na hapana kawia, kwa sababu bamama wale hawatangoja siku nyingine kumuitikia.”

Aliwakusanya watu wote ndani ya kanisa, akawaanzishia nyimbo, na kwenye uwanja wakabaki Melchior na Edmond tu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni ukalala juu ya mahema. Walifungua pampu, wakavuta bomba kipande kwa kipande, na chujio la zamani lilipotoka Edmond alirudi nyuma hatua mbili. Wavu ulikuwa mzima, hakuna uzi uliokatika, lakini ulikuwa umebonyea kwa ndani mahali pengi, vibonyeo vidogo vya duara vilivyojipanga vinne vinne, na kando ya kila vinne kimoja, na Melchior alipoweka vidole vyake juu ya vile vibonyeo aliona kuwa mkono uliosukuma pale ulikuwa mdogo kuliko wake.

Walishusha chujio jipya. Edmond alishika kamba. Melchior alipiga magoti kwenye matope, akaweka sikio kwenye mdomo wa bomba, na kwa muda hakusikia kitu ila nyimbo za kanisani na pumzi yake mwenyewe.

“Maji, hodi?”

Alijiziba mdomo kwa kiganja.

“Papa, ni miye. Huku iko baridi. Maji, hodi, papa?”

Ilikuwa sauti yake, na ile ‘papa’ ya pili ilivutwa kidogo mwishoni kama alivyokuwa akiivuta akiomba pesa ya andazi la beignet, na Melchior akasikia kila kitu ndani yake kikiinuka kusema karibu, karibu mama, pita, njoo nyumbani, mama yako amekungoja, sahani yako iko mezani, na harufu ya utomvu ikazidi mpaka ikamwasha puani, na bomba likaanza kutetemeka chini ya shavu lake, likikwaruzwa kutoka chini kwa kucha nyingi ndogo zilizokuwa zikipanda tundu kwa tundu, na huko kanisani mtoto mchanga akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kisha wa pili, kisha watano, kisha nyimbo zikakatika kwa sababu kina mama walikuwa wakiwatia wanao vidole kinywani kuwatoa mchanga, na Edmond, ambaye hakuwa akisikia sauti yoyote kutoka chini, alilia tu akisema, “Papa Melchior, sema, tafazali, sema.”

Sauti ikauliza taratibu zaidi, kwa namna ambayo mchezo wao haukuwahi kuwa nayo.

“Papa, miye niko maji ao niko muchanga?”

Melchior alifumba macho. Alimpenda mtoto yule kuliko pumzi yake, na alijua kwamba akishajibu hataisikia tena sauti ile.

“Uko muchanga, mama,” alisema. “Rudia kwenu.”

Kukwaruza kukakoma. Halafu, kwa mbali, kwa sauti ya mtoto aliyeruhusiwa jambo, ikaja: “Aksanti, papa.”

Kikohozi kanisani kilikwisha. Waliirudisha pampu, Edmond akapampu mara arobaini, na maji yaliyotoka yalikuwa safi hivi kwamba uliweza kuona chini ya ndoo. Harufu ilikuwa imeondoka. Mama Jokébed alikunywa wa kwanza, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, kisha akawaruhusu watoto. Melchior alikaa mbali, amejiinamia, akilia kwa sauti bila kuona haya, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Yeye ndiye aliyemfanyia Ornella matanga, na aliyafanya peke yake, kwenye matope ya Oicha.

Njia nzima ya kurudi, kupitia Beni, nyuma ya pikipiki, alikuwa akipanga namna ya kumwambia Anne-Marie aitoe ile sahani. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimsumbua, nacho ni ile asante. Hakuona alikuwa anashukuriwa kwa nini.

Aliingia nyumbani kesho yake saa sita mchana. Jua lilikuwa limetoka, mlango uko wazi. Kwenye kizingiti kulikuwa na alama za nyayo, ndogo, za miguu mitupu, zilizokauka, na ukizigusa zilibaki kwenye kidole kama unga mweupe. Zilikuwa zinaingia. Alizifuata kwa macho mpaka mezani, na hapo ndipo harufu ilipomfikia, ya utomvu wa kulehemia, ikitoka ndani ya nyumba yake mwenyewe ambamo hakuwahi kulehemu kitu.

Anne-Marie alikuwa akipakua fufu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, na alipogeuka Melchior aliona uso ambao hakuwa ameuona kwa miaka miwili. Sahani ilikuwa imegeuzwa, imekaa sawa, imejaa chakula.

“Jana mangaribi mutu alipiga hodi,” alisema. Akakohoa kidogo, akafuta kitu cheupe kwenye mdomo kwa upande wa mkono, akatabasamu. “Alisema weye njo ulimuambia arudie kwetu. Nikamuambia karibu.”

Nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto, mtu alikuwa akicheka taratibu, kwa furaha. Melchior alijua neno la kusema. Alikuwa amelisema jana tu, na lilikuwa limemleta hapa, kwao, na hakuwa na pengine pa kumtuma. Alivuta kiti, akaketi mezani pamoja na mkewe.