Aliyekalia Kiti cha Abiria

"Asante, Daktari," Fundi Cheko alisema kutoka shimoni, chini ya gari. "Nimeshakaza. Sasa unaweza kushuka."

Daktari hakuwa amepanda. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa gereji, simu sikioni, akimtuliza mkewe aliyekuwa akimuuliza tena kama kweli ana akili timamu, mtu mwenye mke mjamzito kwenda kulishusha gari mpaka litambae.

Kazi yenyewe ilikuwa imekwenda vizuri. Springi ndefu zilizokuja na gari zilikuwa zimetupwa pembeni, fupi zimeingia mahali pake, na ile sedani nyeusi yenye turbo, ambayo Daktari, tabibu wa meno, alikwenda nayo kazini kila siku huku mkewe akiiita "mke mwenzangu," ilikuwa imekaa chini kama alivyokuwa akiiota. Zilibaki bolti za mikono ya magurudumu tu. Hizo, Cheko alikuwa ameeleza, hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Hukazwa likiwa limesimama chini na limebeba uzito wake wa kawaida, la sivyo mpira wa ndani hujikunja na kukatika mapema. Na kwa kuwa mke wa Daktari ndiye aliyekaa kiti cha abiria siku zote, Cheko aliingia shimoni akaomba mtu akae pale.

"Daktari, nipe uzito wa shemeji hapo!"

Daktari alifungua mlango wa abiria, simu bado sikioni, akarudi ukutani, akaipungia hewa mkono na kusema kwa mzaha, "Aliye karibu apande basi, kiti kiko wazi. Karibu, kaa."

Gari likashuka taratibu upande ule. Springi zikaguna. Cheko akakaza bolti zake.

Daktari alidhani ile asante ni utani. Cheko hakupewa jina hilo bure. Mtu huyo angeweza kucheka hata msibani. Kwa hiyo naye alicheka, akafunga mlango, akazunguka gari lake akipima nafasi kati ya tairi na madigadi kwa vidole, kama wapendao magari wapimavyo. Kila kona viliingia vidole viwili. Kona ya mbele ya abiria kiliingia kimoja.

"Springi mpya hizo, zitatulia," alisema Cheko akipangusa mikono. "Zipe siku chache tu. Hata wewe ukivaa kiatu kipya hutembei sawa."

Daktari akaridhika, kwa sababu alitaka kuridhika. Kwenye kona gari halikulala tena, liligeuka kama limeshikwa na mkono. Kwenye matuta lilikuwa balaa. Mkewe, mwalimu aliyekuwa likizo ya uzazi, alishika tumbo kwa mikono miwili kila lilipoinuka tuta mbele yao.

"Mtoto huyu nimemsubiri miaka yote hiyo," alisema, "si kwa ajili ya kuja kumwagwa barabarani na mke mwenzangu."

"Taratibu, nakwenda taratibu," Daktari alijibu, naye akaenda taratibu kweli, maana huyo mtoto hata yeye alikuwa amemsubiri, na kila aliposikia daktari mwenzake anampongeza alikuwa na hofu ya kuitikia kwa sauti.

Kisha ikaanza kengele ya mkanda.

Ilianza siku aliyokuwa akirudi peke yake. Kengele ile hulia abiria akikaa bila kufunga mkanda, na kwenye kiti cha abiria hapakuwa na kitu, hata begi. Ilimlilia njia nzima. Hatimaye alivuta mkanda akaufunga juu ya kiti kitupu, kengele ikanyamaza, naye akajicheka. Jioni mkewe alipokaa pale aliinuka hapo hapo.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Kiti kina ubaridi. Ubaridi wa majimaji." Alinusa. "Na harufu gani hii? Kama udongo wa chini ya jiwe."

Daktari alisema ni kiyoyozi. Alikipeleka kikasafishwa. Harufu haikutoka, na kona ile badala ya kutulia ilizidi kushuka, kidole kimoja kikawa hakiingii tena, na mkewe akaanza kusema kiti kimekuwa kidogo, anabanwa, kama watu wawili wamepewa nafasi ya mmoja. Daktari alimwambia ni tumbo limekua. Alijisikia vibaya kumwambia hivyo, lakini alimwambia.

Hofu yenyewe ilimpata mchana kweupe. Kiwanja cha kliniki yake kilikuwa cha saruji tupu, bila mti wala kibanda, na gari lake ndilo pekee lililoegeshwa pale miaka yote. Alikuwa ameinama juu ya mgonjwa, mzee wa watu kinywa wazi, kioo mkono mmoja na ndoano mkono mwingine, alipoinua macho kupumzisha shingo na kuliona gari lake kupitia dirishani, limefungwa, halina mtu, jua limelisimamia utosini, na akaliona linainuka kidogo upande wa abiria na kushuka tena, kisha likainuka na kushuka, polepole, kama kiti cha mtu aliyechoka kungoja anayejigeuza akitafuta namna nzuri ya kukaa, na kila liliposhuka alisikia, kupitia kioo na ukuta na kelele za mashine ya kunyonya mate, springi zile zikiguna kwa sauti ile ile aliyoisikia gereji.

"Daktari," mzee alisema kwa shida, ndoano ikiwa bado mdomoni, "unanichoma ufizi."

Alimwomba radhi, akamaliza kazi Mungu anajua vipi, na moja kwa moja akampigia Cheko.

Cheko alilipanda gari akicheka, akaenda nalo mzunguko mmoja, akarudi hacheki. Alilipandisha jeki. Akazitoa springi za mbele, akazipima, zilikuwa sawa kabisa. Akazibadilisha, ya kulia akaipeleka kushoto na ya kushoto kulia. Waliposhusha jeki, ilizama kona ile ile.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, ingawa gereji haikuwa na mtu mwingine, "siku ile si ulikaa ndipo nikakaza?"

"Sikukaa."

"Gari lilishuka. Niliona kwa macho yangu."

"Cheko, sikukaa. Nilikuwa ukutani, naongea na simu."

Cheko aliweka spana chini bila kuifanya ilie. "Nina shangazi yangu," alisema.

Shangazi alikuja siku iliyofuata, mwanamke mnene wa viatu vya mpira, mganga aliyezungumza kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alikataa kulikaribia gari. Alikaa kwenye kreti mlangoni mwa gereji, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kumhoji Daktari mahali anapoegesha, kama kuna kivuli kingine pale, na alisema nini siku ya kazi. Daktari alimweleza. Alipofika kwenye ule mzaha, shangazi alifumba macho.

"Huyo ulikuwa naye siku zote," alisema. "Alikuwa anapumzika chini ya gari lako mchana. Hakukudhuru, hukumjua, mliishi vizuri. Ukalishusha gari mpaka likataka kumlalia. Hapo angehama tu, akatafute kivuli kingine. Lakini wewe ukamfungulia mlango ukamwambia karibu, kaa."

"Nilikuwa natania, shangazi."

"Wao hawana utani."

"Atatokaje?" Daktari aliuliza.

"Kwa kuitwa, kama alivyoingia. Rudisha gari juu, apate nafasi yake chini, nami nitakuja kumwita ashuke. Hadi hapo asikae mtu kiti kile. Akimkuta mtu pale wakati amekizoea, atamkalia huyo huyo, na hataachia ila aitwe na mwingine. Na akishakaa kwa mtu kwa kuitwa, mimi simwezi. Nisije nikaitwa huko." Alimtazama usoni. "Mkeo ana mimba."

Daktari hakuwa amemwambia.

Springi za zamani zilikuwa zimeshachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Cheko aliapa atapata nyingine kama hizo, akapiga simu huku na huku, akaambiwa zinakuja. Daktari aliliacha gari kwenye kiwanja cha kliniki, akalifunga, akaanza kwenda na kurudi kwa teksi. Mkewe alipouliza, alimwambia gari lina hitilafu ya breki. Kumwambia ukweli alishindwa. Aliogopa kumtia hofu mwanamke aliyebakiza siku chache, na, tusifichane, aliona haya pia, maana kuhusu kulishusha gari mkewe alikuwa amempigia kelele mapema.

Basi mwanamke wa watu angejuaje? Asubuhi uchungu ulipomwanza alimpigia mumewe, akaambiwa na mhudumu kwamba Daktari yuko na mgonjwa. Akaona kliniki iko njiani kwenda hospitali, atampitia waende wote. Teksi ikamshusha kiwanjani, ikaondoka. Jua lilikuwa kali, ngazi za kliniki zilikuwa nyingi, miguu imevimba, na kwenye pochi yake mlikuwa na ufunguo wa akiba wa gari. Breki mbovu hazimzuii mtu kukaa. Akafungua mlango wake, akakaa mahali pake pa siku zote.

Daktari alipochungulia dirishani alimwona. Hakumbuki aliteremkaje.

Gari lilikuwa limezama mpaka madigadi yamegusa tairi. Alifungua mlango, na ile harufu ya udongo wenye maji ikamjaa puani. Mkewe alikuwa ameegemea nyuma, jasho linamtiririka, macho yamemtoka, mikono ameiinua juu kidogo kama mtu asiyetaka kugusa kilicho mbele yake.

"Mume wangu," alinong'ona. "Siwezi kuinuka."

"Nipe mkono."

"Siwezi. Kuna mtu amenikalia. Mapajani. Ananielemea tumboni. Mume wangu, anamlalia mtoto."

Alimvuta. Alimshika kwapani akavuta kwa nguvu zake zote, akaegemeza goti kwenye fremu ya mlango akavuta tena, na mkewe hakusogea hata unywele, alilia tu kwa sauti ndogo iliyokatika katikati, na springi zikaguna, zikashuka tena pale ambapo hapakuwa na nafasi ya kushuka, na tumbo la mkewe, Daktari aliliona kwa macho yake mawili, lilikuwa limebonyea juu, kama mto uliokaliwa, na chini ya gauni kitu kidogo kilichokuwa kikirusha miguu tangu mimba ya miezi mitano kilirusha mguu mara moja, kikatulia.

Alikumbuka maneno ya shangazi yote, na lile la kwamba akishakaa kwa mtu kwa kuitwa, yeye hamwezi. Hakufikiri sana. Angefikiri, pengine angetafuta njia nyingine, na njia nyingine isingekuwapo.

Alichuchumaa mlangoni, akaangalia pale juu ya mapaja ya mkewe ambapo hapakuwa na kitu.

"Mwache," alisema. "Njoo kwangu. Karibu. Kaa kwangu."

Gari likainuka. Mkewe akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa sauti kamili, mikono yote tumboni. "Anacheza," alisema, "anacheza, anacheza," na Daktari akataka kucheka naye lakini alikuwa ameanguka kwa magoti kwenye saruji ya moto, na mgongo wake wote, tangu shingoni hadi kiunoni, ulikuwa baridi na umelowa.

Alimpeleka hospitali kwa gari lile lile. Safari hii lilizama upande wa dereva, tairi likisugua madigadi kwenye kila kona. Mkewe hakuliona hilo. Uchungu ulikuwa umemshika, naye alikuwa amemshika mumewe mkono, akimwambia amuombee.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Daktari alisubiri kwenye korido akiwa amesimama. Alikuwa amejaribu kukaa kwenye benchi, na alipokaa tu, kile kilichokuwa mgongoni kilizunguka mbele bila haraka, kikajipanga juu ya mapaja yake, kikatulia. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi lile waliinuka wakasogea mbali, mmoja akiangalia dari kutafuta bomba linalovuja.

Muuguzi alitoka na mtoto ndani ya kitambaa. "Hongera, baba. Mpokee binti yako."

"Mikono yangu michafu," alisema Daktari.

"Kanawe basi."

Alinawa mpaka viwiko, kama anavyonawa kabla ya kung'oa jino, akarudi, akaiweka mikono nyuma. Muuguzi akacheka, akasema wanaume wa siku hizi waoga, akamwongoza hadi kitandani kwa mkewe.

Mkewe alikuwa amechoka na amependeza. Alimtazama mumewe muda mrefu, uso ukimbadilika kidogo kidogo, furaha ikitoka na kuacha swali.

"Humtaki?"

"Namtaka." Machozi yalimwagika, hakuyafuta. "Namtaka kuliko kitu chochote."

"Basi mshike."

"Wewe mshike. Mshike sana."

Mkewe alinusa hewa. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu, bila kujua kwa nini, kisha akajilazimisha kutabasamu, akamwonyesha kwa kidevu kiti kilichokuwa kando ya kitanda.

"Kama unaogopa kumwangusha, kaa hapo," alimbembeleza. "Kaa tu, nikuwekee mapajani."

Daktari alibaki amesimama. Mapajani kwake hapakuwa na nafasi.