Neno Lililokatwa Kichwa

Asubuhi hiyo Cherehani alikunywa chai akiwa amesimama. Jina hilo alipewa na dada yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na siku hiyo ndiyo kabisa. Darasa lao lilikuwa linachagua mwanafunzi mmoja wa kuzungumza mbele ya wazazi kuhusu asili ya neno fupi la Kiingereza. Yeye alipewa neno "bus", na nafasi hiyo aliitaka kwa kufa na kupona.

"Maktaba ulikwenda?" dada yake aliuliza huku akimweka sawa kola ya sare.

"Maktaba ya nini, dada? Nimetunga kitu, watavunjika mbavu!"

Na kweli walivunjika mbavu. Cherehani alisimulia habari za fundi mmoja aitwaye Bus, aliyeunda gari refu ili mkewe, wakwe zake wote na kuku wao wasiachwe nyuma. Wenzake waligonga madawati kwa kicheko. Tayari alijiona jukwaani.

Lakini darasa hilo lilikuwa na desturi yake. Aliyemaliza kuzungumza alipigiwa makofi matatu, kisha wote wakauliza kwa pamoja alikopata habari zake, kitabu gani au mtu gani.

Pa! Pa! Pa! "Chanzo?"

Cherehani angeweza kumsingizia babu yake, mzee wa watu, ambaye hakuwepo kujitetea. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka.

"Sina, Mwalimu," alisema. "Nimetunga."

Darasa likaguna. "Njia ya mwongo ni fupi," Mwalimu alisema, "ila wewe umegeuka mapema. Haya, una muda wa mapumziko tu."

Kengele ilipolia, Cherehani alichomoka mbio hadi maktaba. Alirudi akihema.

"Jamani, neno lenyewe lilikatwa kichwa! Lilikuwa 'omnibus', neno la Kilatini, maana yake 'kwa wote'. Watu wakaona refu mno, wakabakiza mkia! Na ndani ya kompyuta pia imo 'bus', njia ya kupitishia taarifa! Chanzo ni kamusi kubwa ya maktaba, na msipoamini twendeni sasa hivi!"

Mikono ya kumchagua iliinuka karibu darasa zima. Cherehani aliruka kwa furaha.

"Mara ya kwanza mlicheka, mara ya pili mmemwamini," Mwalimu alisema. "Wanangu, tungeni hadithi mpaka mchoke, lakini mseme kuwa ni hadithi. Anayetaka kuaminiwa lazima akubali kuulizwa amejuaje."