Walinifunga Mkanda Mweusi wa Huruma

Ninaitwa Kavira, nina miaka thelathini na tatu. Ninaishi Keshero, hapa Goma, pamoja na mama yangu ambaye sasa amezeeka. Mguu wangu wa kushoto unaishia chini kidogo ya goti. Nawaambia hilo mapema, ndugu zangu wasomaji, ili msije mkanionea huruma baadaye… Huruma ndiyo iliyonivunja moyo, kuliko hata lile lori lililonivunja mguu.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi volkano ilipopasuka. Moto ulishuka mpaka mjini, ukameza nyumba, maduka, hata kanisa nililobatiziwa. Watu wote walikimbilia mpakani kwa pamoja. Mama alikuwa amenishika mkono. Katika msongamano ule, lori lililojaa magodoro na watu likarudi nyuma ghafla…

Maumivu siyakumbuki. Namkumbuka mama akilipiga lile lori kwa ngumi, kana kwamba chuma kinaweza kusikia!

Madaktari walikata mguu. Baba yangu, mchuuzi wa maharage kutoka Butembo, aliuawa njiani karibu na Kiwanja miaka michache baadaye, wakati barabara ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Tukabaki wawili, mimi na mama, katika chumba kimoja kule mtaa wa Murara. Shuleni waliniita jina ambalo sitaki kuliandika hapa. Je, mtoto amekosa nini mpaka adharauliwe namna ile?

Karibu na kwetu kulikuwa na ukumbi uliojengwa kwa mawe meusi ya volkano. Humo ndimo Maître Faustin alimofundisha karate. Kila nikitoka shule nilisimama na mkongojo wangu dirishani, nikiwatazama wenzangu wakirusha ngumi na mateke. Siku moja Maître akatoka nje. Nilidhani anakuja kunifukuza.

“Mukobwa,” akaniita. Alikuwa mtu wa Rutshuru, na ndivyo wanavyomwita msichana kwa Kinyarwanda. “Unaangalia tu, ao unataka kuingia?”

Nikamwonyesha mguu wangu.

“Ile nimeisha kuiona,” akasema. “Mimi nimekuuliza kitu ingine.”

Nikaingia.

Sitaweza kuwaeleza mtu yule alivyonilea! Mimi binti wa Kinande, yeye mzee wa Rutshuru, katika mji ambamo watu walianza kuulizana kabila kabla ya kusalimiana… Aliniita mtoto wake, nami nilimpenda kama baba aliyerudi kutoka Kiwanja.

Nilipopata mguu wa bandia, tukafika kwenye tatizo la teke la kushoto. Kwa mguu wa kulia nilipiga vizuri. Lakini mguu wa bandia ulikuwa mgumu, ungeweza kumvunja mwenzangu taya, na ukichomoka mimi mwenyewe naanguka. Na kanuni za kupanda mkanda zilidai teke la pande zote mbili. Nililia, nikasema basi, nitabaki na mkanda mweupe mpaka nife.

“Teke iko ya nini?” Maître akaniuliza.

“Ya kupiga mutu.”

“Hapana. Iko ya kumuzuia asikufikie. Sasa mimi nakuja upande wako wa kushoto. Unizuie.”

Akanijia. Nikamzuia kwa kiwiko, akaniangusha. Akanijia tena, akaniangusha tena. Siku nyingi zilipita hivyo. Mpaka mchana mmoja nikageuka kwa mguu wa kulia, nikapenya chini ya mkono wake, nikamlaza chini mbele ya wanafunzi wote! Aliinuka akicheka, akipangusa vumbi. Akawaambia wote kwamba teke la kushoto la Kavira ni lile, na anayetaka kumpima ampime kwa lile, tena asimpunguzie hata kidogo.

Na kweli hakunipunguzia. Mikanda ya chini alitupima mwenyewe, na wa njano nilishindwa mara ya kwanza. Wa kijani nilishindwa pia, nikarudia. Kila mkanda nilioupata niliujua uzito wake. Nilipofunga wa kahawia, hakuna mtu Murara aliyethubutu kuniita lile jina tena.

Rafiki yangu mkubwa pale ukumbini alikuwa Espérance. Tulifanya mazoezi pamoja, tulikula pamoja, na siku za mvua alinishika mkono kwenye mawe yanayoteleza. Sote wawili tukaandikishwa kwa mtihani wa mkanda mweusi.

Siku ile juri, yaani jopo la kutupima, ilikuwa ya watu watatu kutoka nje ya mji. Walikuwepo pia wageni wenye kamera, watu wa msaada, ambao walikuwa wameahidi kuuezekea ukumbi wetu upya. Wenzangu walipimwa asubuhi nzima mpaka jasho likachuruzika sakafuni. Espérance alishindwa. Teke lake la kushoto lilikuwa dhaifu, wakamwambia arudi mwaka mwingine.

Zamu yangu ikafika. Nikaonyesha mfululizo wa kwanza wa mapigo, mfupi, ule wanaofundishwa hata watoto… Mkubwa wa juri akainua mkono, akasema inatosha. Wageni wakapiga makofi. Kamera zikanimulika. Maître Faustin mwenyewe akanifunga mkanda mweusi kiunoni, ameinamisha uso. Nilidhani anaficha machozi ya furaha.

Lo! Mama alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote. Majirani walikuja kula sombe na samaki kwetu. Mama aliimba mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake nikaenda kumfariji Espérance. Nilimkuta anafua. Nikamwambia mwaka ujao atapita tu. Akaacha nguo ndani ya maji.

“Wewe walikuuliza teke ya kushoto?” akasema.

“Hapana…”

“Walikuuliza ile namna yako ya kuzuia? Walikupiganisha na mutu?”

Nikaokota nguo moja majini, nikaanza kuikamua.

“Kavira, bote banacheka. Banasema ni ceinture, mukanda ya huruma. Mimi ni rafiki yako, njo maana nakwambia.”

Nilitembea mpaka ukumbini sijui ninapita wapi. Maître alikuwa peke yake. Nikamwuliza. Hakunificha. Alisema juri ilikataa kabisa kunipima kwa kipimo chetu. Ama nipige mateke yote mawili, ama niondoke. Aliwasihi. Mwisho wakamwambia wataniacha nifungwe mkanda mbele ya wageni, uwe wa heshima tu, lakini ngazi yangu haitatambuliwa popote. Naye akakubali.

“Nilikubali juu yako, mutoto wangu. Sikutaka kukuona unalia mbele ya batu.”

Nikaufungua ule mkanda, nikauweka miguuni pake.

“Lori ilinikata mguu tu, Papa,” nikamwambia. “Lakini kilema, ni wewe umenifanya jana.”

Sijawahi kuona mzee akilia vile. Je, mnajua uchungu wa kusalitiwa na mtu aliyefanya hivyo kwa sababu anakupenda? Adui akikutenda, unamchukia, unapona. Huyu utamchukia vipi?

Niliacha kwenda ukumbini. Lakini Maître hakuniacha. Siku moja alikuja kwetu, akaketi mbele ya mlango, akaomba msamaha kama mtoto. Akasema atairudia juri, na safari hii hataomba huruma, ataomba haki. Nikamsamehe. Tukaanza mazoezi upya, mimi, yeye na Espérance, tena makali kuliko zamani.

Maître alisafiri, akabishana nao, akafukuzwa, akarudi tena. Na jioni moja akaingia ukumbini uso ukiwaka! Alitusimulia sisi wawili, mimi na Espérance tumeketi hapo sakafuni. Wamekubali. Watanipima kwa lengo la kila pigo, kama nimemzuia mtu asinifikie, kwa ukali uleule wa wengine, na nikishindwa wataniangusha.

“Sasa,” akasema, “ukianguka ni wewe. Ukipita ni wewe.”

Nilifurahi kuliko siku niliyofungwa mkanda wa uongo.

Mtihani haukufika. Waasi walikuja mjini. Mabomu yalianza kuanguka mitaani, watu wa kambi za wakimbizi wakakimbia na magodoro vichwani. Maître aliufungua ukumbi ili akina mama wenye watoto walale humo. Bomu liliangukia uwani wakati akichota maji… Tulimzika harakaharaka, bila nyimbo, huku bunduki zikilia upande wa uwanja wa ndege.

Nilimlilia baba mara ya pili.

Vita vikatulia, vikarudi, vikatulia tena. Miaka ikapita. Espérance aliutafuta mkanda wake kwa bidii, akaupata, wala sikumwonea wivu. Akawa mwalimu, akaitwa kukaa kwenye juri. Niliposikia, nilimshukuru Mungu kwa sauti! Nikasema sasa yupo mtu aliyesikia kwa masikio yake.

Nikaomba kupimwa. Nikasimama mbele yao. Nikaeleza kwamba marehemu Maître Faustin alikuwa ameshakubaliwa kwamba nipimwe kwa lengo la pigo. Juri yote ilikuwa mpya, na mkubwa wake hakujua lolote. Akamgeukia Espérance, akamwuliza kama alipata kusikia mapatano hayo.

Espérance akatazama meza.

“Sijui,” akasema.

Sijui! Neno moja tu… Wakaniomba teke la kushoto. Nikakataa kumhatarisha mwenzangu. Wakanishukuru kwa kuja.

Nilimsubiri nje. Alikuja taratibu, macho mekundu.

“Kavira, elewa. Mimi nilianguka mutihani juu ya teke ile. Nililia mwaka muzima. Ningekupitisha wewe bila teke, batu bangesema nini?”

“Wewe ulianguka juu ya mguu uliokuwa nao,” nikamjibu. “Mimi mumeniangusha juu ya mguu sina. Ni sawa ile?”

Alinishika bega, nikautoa mkono wake. Tangu siku ile tukikutana misani tunapeana amani kwa vidole tu, kama wageni.

Mama yangu hajui. Mpaka leo anawaambia majirani wa Keshero kwamba binti yake ana mkanda mweusi, na kwamba umehifadhiwa ukumbini. Nimejaribu kumwambia… Mdomo unakataa.

Ndugu zangu, sikuandika haya ili mumlaumu marehemu, wala Espérance. Nimejifunza kwa machozi. Walimu, mkiletewa mtoto asiyeona, asiye na mkono, asiye na mguu, msimfungie mlango, wala msimfungulie kwa uongo. Ulizeni pigo lile ni la nini, kisha mpimeni kwa hilo, bila kumpunguzia. Na mkikubaliana jambo la haki, litangazeni mbele ya watu wengi, lisikae katika kifua cha mtu mmoja, maana mji wetu huu hauna hakika ya kesho.

Nawe mwenzangu mwenye kilema, usikimbilie makofi kama mimi. Kabla hujakubali kufungwa chochote kiunoni, uliza umepimwa kwa nini. Uliza ukiwa bado umesimama! Ukigundua baadaye, utalia peke yako, na waliokupigia makofi watakuwa wameshakwenda zao.

Mimi sihitaji mkanda wa bure. Nipimeni. Nikianguka, niacheni nianguke kama watu wengine wanavyoanguka.