Masomo Yaliishia Shingoni

Jumamosi, soko la Dolac hapa Zagreb limefurika, Bishal alikanyaga jani la kabichi akaanguka, yeye na baiskeli yake, mbele ya meza ya Nevenka muuza jibini. Bishal alikuwa Mnepali, mpeleka vyakula majumbani, koti la manjano, kope ndefu zisizo na kazi kwa mwanamume. Nevenka, aproni nyeupe, nywele nyekundu za kupaka, akainama.

"Umeumia wapi, mpenzi?" Huku mpenzi tunamwita hata mkaguzi wa tiketi.

Bishal akashika goti.

"Hilo koljeno. Sema."

"Koljeno. Na hii?"

"Pua yangu hiyo, nos. Haijaumia, usiishike."

Basi kila asubuhi akapitia kujifunza kiungo kipya kwa lugha yetu. Nevenka alianzia juu: kichwa, jicho, sikio. Kwenye midomo walikaa wiki nzima, eti matamshi ni magumu.

"Kesho shingo," Nevenka akamwambia kwenye simu.

"Na baada ya shingo?"

"Una haraka ya nini? Mwili hauhami. Tutakunywa kahawa kwanza."

Kesho yake mkahawani Nevenka alivaa gauni la kijani na hereni za mama yake. Kwetu kahawa hainywewi, hukaliwa. Kikombe kidogo humaliza asubuhi nzima. Bishal alikuwa na supu ya watu inapoa begini. Akajifunza shingo, vrat, akaigusa kwa kidole kimoja, akaimeza kahawa, akashukuru, akaondoka.

Nevenka alibaki na kikombe kimejaa. Mwanamke yeyote wa hapa angejua ameachwa. Simu hakupokea tena. Bishal akija sokoni, alipewa mgongo, ambao bado hakuujua jina.

Mwajiri alipomuuliza kama anabaki au anarudi kwao, hakuona wa kumbakisha. Akasaini kurudi. Siku ya safari akaja na sanduku.

"Nilikukosea nini?"

"Ulikunywa kahawa."

"Si wewe uliyenialika?"

Nevenka akamweleza. Bishal akasema, "Ningeinywa mpaka Krismasi."

"Kibali cha kazi je?"

"Nimeshakirudisha."

Wakaenda kukaa mkahawani. Bishal hakugusa kikombe chake hata kidogo. Muda wa ndege ulipobana, akamgusa bega.

"Hili linaitwaje?"

"Sikwambii. Utaenda kulitumia kwa mwingine."

Bishal akainuka, akaenda.

Mhudumu akaja kukusanya vyombo, akanyoosha mkono kwenye kikombe kilichojaa, kilichopoa zamani.

"Kiache," Nevenka akasema. "Bado tunakunywa."