Nundu ya Sufi

Kila Jumamosi, kabla ya chai, kazi ya Hafswa ilikuwa kumpamba Lulu, ngamia wa shangazi yake Zeina, aliyewabeba wageni ufuoni Kikambala. Alimpiga brashi, akamvika mashada ya rangi shingoni, kisha akamtandika. Lakini kwa wiki tatu sasa kulikuwa na jambo lililomkera. Nundu ya Lulu ilikuwa imenywea, na shangazi alimwamuru aweke mto wa sufi chini ya matandiko ili wageni waone ngamia mnene.

"Shangazi, Lulu anaumwa," Hafswa alisema tena.

"Anaumwa wapi! Uvivu tu huo. Kaza kamba!"

Asubuhi hiyo Lulu alikataa kuinuka. Shangazi akachukua bakora, akamchapa mara mbili. Hafswa alishikwa na hasira. Aliidaka ile bakora, akaitupa nje ya ua.

"Huna adabu wewe!" shangazi alifoka. "Huyu ndiye anayetulisha!"

"Na akifa, nani atatulisha?"

Shangazi alimtazama Lulu, ambaye bado alikuwa amelala chini. Mwishowe akampigia simu Daktari Dena, daktari wa mifugo kutoka Mtwapa.

Daktari alilivuta chini kope la Lulu. Ndani palikuwa peupe kabisa. Akamtoa damu kidogo sikioni, akaitazama kwa hadubini yake.

"Ameanza lini kudhoofika?"

"Leo asubuhi," shangazi alijibu, macho chini.

Hafswa hakuvumilia. Alifungua matandiko, akauvuta mto, akaubwaga miguuni pa daktari. "Wiki tatu! Na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga mto huu!"

Uso wa daktari ulibadilika. "Bi Zeina, nzi aina ya pange wamemuuma, wakamtia vimelea vinavyomaliza damu. Wiki tatu nzima mmewapandisha watu juu ya ngamia mgonjwa! Sindano nitamdunga, lakini asibebe mtu miezi miwili."

Mwezi uliofuata mgeni mmoja alikuja na mwanawe, akataka kumpanda Lulu. Hafswa alimtazama shangazi kwa jicho kali.

"Hapandwi," shangazi alisema. "Bado hajapona."

Mgeni alipoondoka, shangazi akamgeukia Hafswa. "Bakora yangu uliitupa, na sijasahau. Lakini kosa langu ni kubwa zaidi. Nilijaza sufi mahali palipoisha mafuta. Ugonjwa ukiufunika hauondoki, mwanangu. Unaendelea kula humo humo ulimoufunika."