Kupungua kwa Bonge

Jambo lenyewe lilianza na suruali. Bonge, mtunza tanuri wa kiwanda cha vipuri, alisimama mbele ya mkewe asubuhi, pindo za suruali yake ya kazi zikiburuta chini ya visigino.

"Umeifua kwa maji gani hii?" akauliza. "Imerefuka."

"Nimeshaona nguo ikirudi, sijaona ikirefuka," mkewe akamjibu, akapiga magoti kumkunjia. "Labda wewe ndiye umepungua."

Walicheka wote wawili, maana Bonge na kupungua walikuwa hawajawahi kukutana. Mashavu yalikuwa yale yale, na tumbo lile lile lililozoea kutangulia mlangoni kabla ya mwenyewe. Lakini pale alipopiga magoti, mke alisikia harufu ikitoka mwilini mwa mumewe. Ilikuwa harufu ya nta, kama mshumaa uliopulizwa sasa hivi.

Harufu hiyo aliijua vizuri. Kabla ya kuolewa alifanya kazi kiwanda hicho hicho, kwenye mashine ya kushindilia. Pale unga wa chuma, mwepesi kama wa ngano kwa macho, huchanganywa na nta kidogo, ukamiminwa ndani ya kalibu na kubanwa mpaka ukawa gia au bushi. Kipande hicho kibichi kina umbo lakini hakina nguvu. Ukikishika vibaya kinamomonyoka kama biskuti. Nguvu hukipata kwenye tanuri, shimo refu lililolala, lenye mlango kila mwisho na mkanda unaotembea polepole. Mlangoni nta inaungua, katikati moto unazishikanisha chembe, na mwishoni kipande kinapoa. Kinatoka kidogo kuliko kilivyoingia, kigumu, na unga hakiwi tena.

Alimwogesha mumewe kwa sabuni ya harufu kali. Nta ikanuka vile vile, halafu siku moja ikakoma, na joto likaanza.

Bonge akawa anatoka kazini anawaka. Kitambaa chenye maji alichowekewa kwenye paji la uso kilikauka kabla mkewe hajakaa. Daktari wa zahanati alimpima, akatazama kipimo, akakikung'uta, akampa dawa za malaria. Na mtu akazidi kupungua. Si kukonda, la. Kukonda kungekuwa nafuu. Alipungua kote kwa pamoja, urefu, mapana, masikio, vidole, mpaka pete ya ndoa ikamponyoka ikaingia kwenye ndoo ya kudekia. Lakini kitanda kilizidi kubonyea upande wake, na alipotembea vikombe kabatini viligongana.

"Watani wangu kazini wanasema nimekuwa Kibonge," akasema, akijaribu kutabasamu. Mkewe hakuweza kucheka. Alimpenda mtu huyu kwa ukubwa wake wote, na sasa alikuwa anamwona akimwishia mikononi.

Usiku mmoja aliamshwa na mngurumo mdogo, wa mbali, kama wa moto ulio nyuma ya ukuta. Akainuka kwenda kutazama jiko, akalikuta baridi. Akarudi kitandani, akainamisha sikio kifuani kwa mumewe, na mngurumo ulikuwa humo.

"Baba," akanong'ona. "Umelala?"

Midomo ya Bonge ilikuwa imefumbwa, pumzi zake zilikuwa za mtu aliye usingizini kabisa, lakini kutoka ndani ya kifua kile, chini chini, kwa sauti isiyokuwa ya mumewe wala ya mtu yeyote aliyewahi kumjua, akajibiwa taratibu: "Bado. Hajaiva."

Alibaki amekaa mpaka kukapambazuka, na ndani ya ile hofu akayapanga mambo. Kwanza nta. Kisha joto na kupungua. Kilichobaki ni kupoa, na kilichopoa hakina wa kukirudisha.

Mchana alimwita Koleo, mwenzake Bonge wa zamu, mwembamba mwenye mikono mirefu. "Niambie ukweli, shemeji. Mume wangu alifanya nini kwenye tanuri lile?"

Koleo aligeuka kutazama mlango kwanza. "Tulicheka tu, shemeji, hatukujua. Tanuri lilizimwa kwa matengenezo, akatambaa ndani kukagua mkanda. Unajua mwiko wetu: ukiingia, unarudi kinyumenyume mlango ule ule. Hakuna anayejua kwa nini, lakini wote tunaushika. Sasa lile tumbo likakwama. Kurudi akashindwa. Akajisukuma mbele, akatokea mwisho, mlango wa vipande. Tukampigia makofi."

Jioni hiyo wote watatu walikwenda kwa mganga, mama mmoja wa miwani aliyewapokea akimenya vitunguu. Alimgusa Bonge mkono, akautoa wake haraka, akaupuliza.

"Jini la moto halina chuki na mtu," akasema. "Lina kazi yake. Kinachoingia mlango huu kikatokea mlango ule ni chake, na kazi nusu haliachi. Arudishwe alikotoka. Aingie alikotokea, atoke alikoingilia, kabla hajapoa."

"Nikimshika mkono, nikapita naye?" mke akauliza.

Mganga akaacha kumenya. "Wewe hapana, mwanangu. Yeye anarudishwa alipokuwa kabla ya moto. Wewe moto hujaupita. Ukipita njia hiyo kinyume, utarudishwa wapi?"

Meneja asingezima tanuri kwa habari ya jini, hilo walilijua bila kumuuliza. Basi Koleo, ambaye mkate wake wote ulitoka humo, alichomoa pini za mkanda kwa mkono wake, mkanda ukakatika. Meneja alifoka mpaka akapiga chafya, kisha akaamuru tanuri lizimwe lipoe, mafundi waje Jumatatu.

Hapo ndipo walipogundua kosa lao. Tanuri lilipoanza kupoa, Bonge naye alianza kupoa. Jumamosi joto lilimshuka, mkewe akafurahi kidogo, halafu akasikia magoti ya mumewe yakilia tik, tik, tik, kama chuma kinavyolia kikiachwa na moto. Jumapili asubuhi shingo ilikuwa haigeuki. Alikuwa na kimo cha mtoto wa shule, na Koleo alitoka jasho kumburuta kwenye toroli kupitia geti la nyuma.

Kiwanda kilikuwa kitupu, jua la saa sita likiingia kwenye madirisha ya juu, mashine zimefunikwa maturubai. Ndani ya tanuri bado kulikuwa na fukuto. Walimlaza Bonge kifudifudi kwenye mlango wa kutokea, na Koleo akakimbilia upande wa pili kumpokea.

"Nenda, baba," mkewe akamwambia. "Tambaa, mume wangu, nakuomba."

Bonge akatambaa. Kiwiko, goti, kiwiko, chuma juu ya chuma, sauti ikizidi kuzama gizani, mpaka ikasimama. Kukawa kimya, kimya ambacho ndani yake zilisikika tik zikiachana zaidi na zaidi, na mke akiwa ameingiza kichwa mlangoni akasikia sauti ya mumewe, sauti yenyewe kabisa, nzito na yenye kicheko, ikitoka ndani kule: "Nimeshatoka, mke wangu. Nipo na Koleo. Funga mlango twende nyumbani."

Machozi yalimtoka kwa shukrani, mkono ukaenda kwenye komeo.

"Shemeji!" Koleo alipiga ukelele kutoka mbali. "Mbona hatoki? Huku hajatoka mtu!"

Alikumbuka kila neno la mganga. Alilikumbuka vizuri, na akaingia. Alitambaa kwenye fukuto lile, viganja vikimchoma, huku ile sauti ikimsemesha sikioni, mara ikimbembeleza kwa majina ya faragha ambayo Bonge peke yake aliyajua, mara ikicheka, mara ikimuuliza anakwenda wapi yeye asiye wa tanuri, mpaka kichwa chake kikagonga nyayo mbili baridi, ngumu kama tindo, naye akaziegemeza begani, akasukuma, akasukuma tena akilia na kumtaja Mungu, na kwa kila shibiri nyayo zile zikawa zinapata uvuguvugu, zinakuwa laini, zinapanuka, mpaka nyama ya mumewe ikajaa tanuri lote, na mikono mirefu ya Koleo ikamvuta nje kwa kishindo.

Bonge aliketi sakafuni, mkubwa kama alivyoumbwa, akiuliza kwa nini suruali inambana. Koleo alicheka mpaka akalia. Mke akatambaa nje ya tanuri, akajifuta uso, akasema wafanye haraka waondoke.

Jioni Bonge alikula sahani mbili, akajitupa kitandani, chaga zikalia. Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Alipomwaga maji akaona vumbi la kijivu limetuama ndani ya karai, laini, likimetameta kidogo kwenye taa. Akatazama mkono wake. Ncha ya kidole cha mwisho haikuwepo. Hapakuwa na damu wala maumivu. Aliipapasa ile sehemu kwa kidole gumba, na kipande kingine kidogo kikamomonyoka.

"Mama," Bonge aliita kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba na kurudishiwa maisha yake. "Njoo basi. Njoo nikukumbatie, tena leo nakubana kweli kweli."

"Naja," akajibu, na akabaki amesimama pale pale, akiogopa hata kuegemea ukuta.