Hadubini ya Mwanzi

Siku zile kila asubuhi ya shule ilianza na kopo. Cailian alipima vikombe viwili vya mahindi yaliyoparazwa na konzi moja ya mchele, akavitia kwenye kopo lake la bati, akafunga kifuniko kilichochongwa jina lake kwa msumari, halafu akateremka mlima saa nzima mpaka shule ya Shibanpo. Akifika, kopo liliingia kwenye sufuria kubwa la mvuke la Shangazi Pan, mpishi, pamoja na makopo mengine mia moja na themanini. Saa sita Shangazi Pan alifunua, mvuke ukapanda hadi darini, na kila mtu akaanza kutafuta jina lake.

"Nani huyu kaleta viazi vitupu?" Shangazi Pan alipiga kelele. "Dayong! Tena?"

"Vya leo vikubwa, Shangazi!" Dayong alijibu, na foleni nzima ikacheka.

Mpaka leo, akiwa mtu mzima mwenye watoto, Cailian akisikia harufu ya mahindi ya mvuke na pilipili iliyochachushwa, moyo wake unarudi kwenye foleni ile.

Mwaka huo alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha mwisho pale Shibanpo. Alikuwa msichana wa maneno machache. Akiitwa kujibu swali masikio yalimwiva, lakini jibu alikuwa nalo. Alitaka kitu kimoja tu: kuingia sekondari ya juu kule mjini, makao makuu ya wilaya. Akikosa, ilikuwa imeshapangwa. Baada ya mwaka mpya angepanda basi na mama yake kwenda Guangdong, mkoa wa mbali wa viwanda, kwenye kiwanda cha viatu, kama wasichana wote wa mlimani waliomtangulia.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili: ya kuandika, na ya kutenda kwenye maabara. Ya kuandika haikumtisha. Shida ilikuwa ya pili, maana Shibanpo haikuwa na maabara. Ilikuwa na Mwalimu Tan.

Mwalimu Tan alifundisha sayansi, hesabu na kuimba. Suruali yake ilikuwa na viraka magotini, na mfuko wa shati lake daima ulijaa chaki. Hadubini ilipokosekana, alikata mwanzi, akachonga vifundo vya kuzungusha kwa mti wa msonobari, na chini akabandika kipande cha kioo chake cha kunyolea. Vioo vya kuwekea kitunguu alivikata kutoka dirisha lililovunjika. Kwa mbali ungedhani ni hadubini kweli. Ukichungulia ndani, uliona kiduara cha mwanga, basi.

"Menya ngozi ya ndani ya kitunguu," Mwalimu Tan aliimba, maana hatua zote aliziimba ili zikae kichwani. "Itandaze kwenye tone la maji. Funika. Tia iodini. Geuza kioo, shusha bomba. Jicho la kushoto lichungulie, la kulia litazame karatasi. Mnaona nini?"

"Seli za kitunguu!"

"Zikoje?"

"Kama matofali ya ukuta!"

"Mimi naona chakula cha mchana," Dayong alinong'ona.

Kisha wote walichora matofali, sawasawa na picha ya ukurasa wa ishirini na tatu, nukta moja katikati ya kila tofali. Aliyechora vizuri zaidi alikuwa Cailian. Jumamosi aliazima hadubini ile akaenda nayo nyumbani, akafanya mazoezi uani karibu na banda la nguruwe.

"We mtoto, unachungulia nini kwenye bomba hilo?" bibi yake aliuliza. "Panya kaingia?"

"Seli, Bibi."

"Ziko ngapi?"

"Nyingi."

"Haya. Ukimaliza kuzihesabu, nguruwe naye anakungoja."

Alirudia hatua zile mara mia. Vidole vyake vilinuka kitunguu mpaka kwenye daftari.

Siku ya mtihani, Mwalimu Tan aliwapeleka wanafunzi wanane mjini kwa lori la mkaa. Maabara ilikuwa na meza nyeupe na hadubini kumi na mbili za chuma, nyeusi, zinang'aa. Watoto wa mjini walikuwa wakipiga miayo.

"Hii ya kwangu kifundo kimelegea," msichana mmoja wa mjini alilalamika. "Ile tuliyozoea ni bora."

Cailian alikigusa chake. Kilikuwa baridi, na kizito kuliko alivyofikiri.

Kengele ililia. Dakika kumi na tano. Mikono yake ilianza yenyewe, nao wimbo wa Mwalimu Tan ukapita kichwani. Alimenya, akatandaza, akafunika. Kioo cha kufunikia kilikuwa chembamba ajabu, si kama kile cha dirisha, kikamponyoka na kuanguka bapa juu ya maji. Hakujali. Alitia iodini, akageuza kioo cha mwanga, akainamisha jicho la kushoto. Mwanga mkali ukamchoma, ukiwa na vitu vya mviringo ndani yake. Hakuvitazama. Jicho la kulia lilikuwa limeshashuka kwenye karatasi, na kalamu ilikuwa imeshaanza kuchora matofali.

Dakika ya nane alikuwa amemaliza. Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani aliyeitwa Mwalimu Xu, alisimama nyuma yake.

"Una mikono mizuri," alisema. Akachukua karatasi, akatazama mchoro, kisha akainama kuchungulia kwenye hadubini. Akakaa pale kitambo.

"Umechora nini hapa?"

"Seli za kitunguu, Mwalimu."

"Ziko wapi? Mimi naona mapovu ya hewa tu."

Masikio ya Cailian yaliiva. Kwenye meza ya pili, Dayong alimkonyeza. "Sema kioo kimesogea," alinong'ona. "Sema ulikigusa!"

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na pengine Mwalimu Xu angekubali. Cailian alifikiria basi la Guangdong. Akafikiria pia Mwalimu Tan, aliyekuwa amesimama nje kwenye jua, chaki mfukoni.

"Hakijasogea," alisema, kwa sauti ndogo mpaka Mwalimu Xu akainama. "Sikuangalia. Kwetu hadubini ni ya mwanzi, haioneshi kitu. Huwa tunafuata hatua, halafu tunachora ya kitabuni. Mimi nilidhani… nilidhani ndivyo watu wote wanavyofanya."

Msichana wa mjini alicheka. Mwalimu Xu alimtazama mara moja tu, kicheko kikakatika.

"Mchoro huu siwezi kuupa alama," alisema Mwalimu Xu. "Kanuni inaruhusu kurudia ndani ya muda uliobaki, kwa nusu ya alama za mchoro. Umebakiwa na dakika tano. Kioo cha kufunikia kishushe kwa ubavu, polepole, hewa itoke. Na safari hii, mwanangu, angalia."

Cailian alirudia. Alishusha kioo kwa ubavu, akainama, akazungusha kifundo taratibu. Ukungu. Ukungu. Kisha zikatokea.

Hayakuwa matofali. Zilikuwa ndefu na nyembamba, zimebanana, nyingine zimepinda, nyingine zina ncha, na kila moja ina kidoa chake cha manjano, hakuna hata kimoja kilichokaa katikati. Alisahau mtihani. Mara zote mia alizomenya kitunguu kule uani, vitu hivi vilikuwapo vidoleni mwake.

"Dakika mbili," alisema Mwalimu Xu.

Alichora zilivyo, zimepindapinda.

Majina yalipobandikwa, la Cailian lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Katika wale wanane wa Shibanpo, aliingia peke yake. Dayong alikosa kwa alama nne, naye alikuwa ameamka alfajiri na kukesha na vitabu kama yeye. Wote saba waliokosa walikuwa wamechora matofali.

Wiki ileile barua ilifika kutoka kwa Mwalimu Xu: kwenye stoo ya shule yake kulikuwa na hadubini ya zamani, lenzi moja ina mkwaruzo, na mkuu wake amekubali Shibanpo ipewe. Cailian na Dayong waliifuata kituo cha basi, wakaipandisha mlimani kwa zamu kwenye kapu la mgongoni, imefungwa ndani ya blanketi la bibi yake.

"Ukianguka nayo nakuua," alisema Cailian.

"Loh! Kumbe una sauti," alisema Dayong.

Shule nzima ilipanga foleni uwanjani, ndefu kuliko ya makopo. Shangazi Pan alichungulia akasema hatakata tena kitunguu bila kukiomba radhi. Wa mwisho kuinama alikuwa Mwalimu Tan. Akakaa. Akakaa tena.

"Mwalimu, unaona nini?" watoto waliuliza.

"Ngojeni. Msinikimbize."

Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa mekundu. "Miaka ishirini na moja nafundisha somo hili," alisema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuziona. Mwalimu wangu naye alinichorea ubaoni."

Hakuna aliyecheka, hata Dayong.

"Sikilizeni," Mwalimu Tan aliendelea. "Nimekuwa nikiwaambia jitahidini, mtafika. Nimewaambia nusu tu. Bila bidii, Cailian asingegusa mlango wa sekondari ya juu. Lakini kuna watoto waliozaliwa ndani ya mlango, na nyinyi mnatembea mlima mzima kuufikia. Mkichelewa msijiite wavivu. Dayong si mvivu. Alikosa kitu cha kuangalia, basi. Kwa hiyo fanyeni kazi, na msiseme mmeona kitu ambacho hamjakiona. Mkikosa kitu, semeni tumekosa, kwa sauti, kama alivyosema mwenzenu. Asingesema, hii ingekuwa bado stoo. Na atakayeingia mlangoni asiufunge nyuma yake."

Dayong alirudia mwaka. Kila mchana alichungulia kitunguu, mbawa za nzi, chumvi, na kiazi chake mwenyewe. Mwaka uliofuata waliingia watatu, yeye akiwa wa kwanza kwenye orodha.

Ile ya mwanzi Mwalimu Tan alimpa Cailian siku ya kuondoka. Iko kabatini kwake hata leo, vifundo vya msonobari vimelegea. Mara mojamoja anaishusha, anafumba jicho la kulia, anachungulia. Kiduara cha mwanga, basi. Lakini ukiisogeza karibu na pua, bado inanuka kitunguu.